Alifunga miti isiguswe, ikakatwa kwa sababu aliifunga

Jua bado liko nyuma ya mlima, na Maduhu ameshafika kazini. Amevaa kabuti la kaki lililochanika kwapani, miguu iko peku, mkononi ana fimbo ya kufukuzia nyoka. Anainama kwenye kisiki cha mvule, anapapasa ukingo wake kwa kidole gumba pale gome linapokutana na mti, halafu anasogea kwenye kisiki kingine. Anafanya hivyo kwa muda mrefu. Mwishowe anatulia mahali pamoja, anainua kichwa na kumwita mgeni wake.

"Bwana wa gazeti, njoo uone."

Kuna chipukizi la kijani lisilozidi ukucha. Maduhu analitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani amelala mlangoni pake, hajui afurahi au aulize mama yake yuko wapi.

Hapa ni Nyakasenga, nusu siku kwa miguu kutoka Kalangalala, katika nchi ya dhahabu ya Geita. Maduhu ni mlinzi wa msitu. Baraza la wazee linampa shilingi kumi kwa mwezi, na akishatoa kodi hubaki na za chumvi na kitambaa. Shida ya kazi yake inaonekana hata kwa kipofu: mahali anapolinda hapana msitu. Majirani wamempa jina la Mlinzi wa Visiki, naye akiitwa huitika, maana hana la kubisha.

Hadi mwaka jana, 1936, bonde hili lilikuwa na mivule, mikuyu na mikangazi iliyoshikana vichwa hata mchana pakawa na giza. Chini palikuwa na unyevu masika na kiangazi. Mbega walikaa juu, hondohondo walipiga kelele zao za kugombana, na katikati ya yote ilitoka chemchemi inayowanywesha watu wa Nyakasenga. Leo jua linaingia bondeni bila kubisha hodi. Chemchemi bado ipo, lakini imerudi nyuma chini ya jiwe, na wanawake huichota kwa kata ya kibuyu wakiwa wamepiga magoti.

Ukiinua macho kutoka bondeni unaona mlimani kuna msitu mwingine, mkavu zaidi, wa mitundu na mininga. Watu huuita Msitu wa Juu. Huo bado umesimama. Mwandishi wa habari hizi alifika Nyakasenga jioni ya kuamkia siku ya baraza, na wazee walikuwa wanakwenda kuamua kama Msitu wa Juu nao utakatwa uende mgodini.

"Ukienda na ule," anasema Maduhu akielekeza fimbo mlimani, "chemchemi itakuwa haina mama wala baba. Tutahama. Mimi nilishahama mara moja kwa ajili ya maji, bwana. Sina miguu ya kuhama mara ya pili."

Kiswahili chake ni cha Msukuma wa shamba. Herufi za r zimekaa mbali naye na hazijamkosea kitu, na hapa mwandishi ndiye aliyezirudisha. Hajui alizaliwa mwaka gani, ila anakumbuka alikuwa anachunga ndama upande wa Shinyanga Wajerumani walipoanza kutoza kodi. Mgeni akimpa shikamoo huitikia marahaba, halafu anaongeza "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kama mtu anayeweka chumvi kidogo juu ya chumvi.

Shinyanga ndiko alikojifunza shoka. Katika miaka ya 1920 mbung'o walikuwa wameshika mapori, ng'ombe wanakufa, watu wanaogopa malale. Serikali na watemi wakaita watu kwa maelfu, kila kijiji na shoka zake, kufyeka pori ili mbung'o akose kivuli. Maduhu alikuwa mbele ya kundi lake. Alikuwa na shoka zuri na sauti nzuri ya kuanzisha nyimbo, na mtu mwenye viwili hivyo huko Usukuma haachwi nyuma.

Msomaji asidhani ilikuwa kazi ya kijinga. Mbung'o walikimbia kweli na ng'ombe wakarudi. Maduhu mwenyewe alipata zizi, akamalizia mahari ya mkewe kwa ng'ombe wake, na mpaka leo hatukani siku zile. Linalomuuma ni jambo moja tu, nalo hulirudia kila mara.

"Tuliambiwa kisiki ndicho nyumba ya mbung'o, kitachipua na nzi watarudi. Basi tukang'oa na visiki. Tulichimba mpaka mizizi. Penye visiki vilivyosahaulika, pori lilirudi. Kwetu hatukusahau hata kimoja, tulikuwa hodari."

Uhodari ule uliwageukia. Kwa miaka michache nchi ya kwao ilibaki nyeupe. Upepo ukapata njia, kisima kikaanza kukauka. Mkewe Mbuke, ambaye watu humwita Mama Limi kwa jina la binti yao aliyeolewa, alikuwa anatoka asubuhi kutafuta kuni na kurudi jua likizama na mzigo wa kupikia mara moja. Baadaye akaacha kuzitafuta, akapikia mavi ya ng'ombe makavu. Siku kisima kilipotoa tope, Maduhu aliuza ng'ombe wote, wakafuata magharibi, nchi yenye mbung'o, isiyofugika ng'ombe, ili wapate miti na maji.

"Niliacha ng'ombe nikafuata kivuli," anasema Mbuke, akiwa anapepeta mtama mlangoni. "Watu walinicheka. Nikawaambia, nyie mtakunywa maziwa, na ugali mtausongea maji gani?"

Nyakasenga waliipenda tangu siku ya kwanza. Na Maduhu, kila alipomwona mtu na shoka bondeni, alikwenda kulalamika barazani. Alilalamika mpaka wazee wakachoka. Ng'wanamhala Ngassa, yaani Mzee Ngassa, mkuu wa baraza hilo, akasema afadhali mtu huyu apewe kazi ya kulinda ili akija kulalamika awe analalamika juu yake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyopata kabuti.

Sasa msomaji aelewe jambo moja la Usukuma, maana mambo yote yaliyofuata yamesimama juu yake. Kule mtu akiwa na sehemu ya malisho au miti anayotaka ipumzike, huifunga. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Haizungushiwi boma wala haiwekewi askari. Mwenye ngitili huchukua nyasi, akazisokota, akafunga mafundo kwenye vichaka na miti ya mpakani. Mchungaji akiona fundo hugeuza ng'ombe wake. Anayelivunja huitwa na wazee na kutozwa mchenya, yaani faini ya mnyama, na mnyama huyo huliwa na wote. Nyama ikishaliwa kosa limekwisha, na anayelitaja tena ndiye mkosaji mpya.

Kwa hiyo Maduhu akisema "nimefunga", ana maana hapaguswi. Amekuwa akisema hivyo maisha yake yote na hajawahi kueleweka vibaya. Lakini alikuwa hajawahi kukutana na mtu wa Isaka.

Mwaka jana mgodi mmoja wa dhahabu ulifunguliwa ng'ambo ya mlima. Mgodi unataka matimba, kama wachimbaji wanavyoyaita magogo ya kuzuia udongo usiwaangukie chini, na unataka kuni za kuwashia mitambo yake. Unakula kuni kuliko kijiji kinavyokula ugali. Wenye mgodi walikuja barazani na kibali. Wazee walivutana nao, na mwisho wakakubaliana hivi: mgodi utakata Msitu wa Juu, bonde la chemchemi lisiguswe. Maduhu akaambiwa aende akalifunge bonde.

Alilifunga kwa moyo. Kila mvule, kila mkuyu na kila mkangazi ulioweza kumtia mtu tamaa aliuvika mshipi wa nyasi zilizosokotwa, na fundo akalielekeza njiani ili mpita njia asiseme hakuona. Ile ya mlimani, ambayo wageni walikuwa wamepewa, hakuiwekea kitu.

Siku chache baadaye alikutana njiani na Sabiti, nyapara wa wakata miti wa mgodi. Sabiti ni mtu wa mjini, Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, mpole, kanzu yake safi hata porini. Kabla ya kuja Geita alikuwa stesheni ya Isaka akisimamia wapakizi wa mabehewa ya gari la moshi. Walisalimiana vizuri. Sabiti akauliza kama miti iko tayari.

"Ipo tayari," Maduhu akamjibu. "Nimeshaifunga yote."

Sabiti akamshukuru kwa moyo mmoja, na Maduhu akashukuru kushukuriwa. Ni mara chache watu wawili wamewahi kuelewana vizuri namna ile kwa hasara kubwa namna ile.

"Isaka gunia lililofungwa limeshapimwa na kuuzwa, linangoja behewa," Sabiti anaeleza. Anaongea akitazama chini. "Lililo wazi bado ni mali ya mtu, ukiligusa wewe mwizi. Nilikaa na kazi hiyo mpaka ikaniingia damuni. Barazani sikuwapo, niliambiwa tu kuna miti ya kukata, basi nilipofika bondeni nikaona miti imefungwa kamba safi, mafundo yote yanatazama njia, nikawaambia vijana wangu, huyu mzee ametufungia mzigo wetu. Ya mlimani haijafungwa, msiiguse. Wallahi nilimsifu."

Na Maduhu alikuwa wapi? Alikuwa upande wa Runzewe, kwenye msiba wa shemeji yake. Alikaa mpaka matanga yakaisha, hakuona sababu ya kuharakisha. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini Maduhu hakuwa ameacha fimbo, alikuwa ameacha fundo. Kwao hakuna mtu anayekesha kulinda ngitili.

Alipokuwa anarudi, aliona kutoka mbali kipande cha mbingu mahali ambapo hapakuwa na mbingu. Alifikiri amekosea njia. Alisimama akaangalia mlima, akaangalia njia, akaona ni kwao.

Bondeni mivule ilikuwa imelala, mingine imeshakatwa vipande na kukokotwa. Kila gogo la shinani lilikuwa na mshipi wa nyasi. Wakataji walikuwa waangalifu, walikata chini ya fundo ili wasiliharibu, wakidhani ni alama ya mzigo ambayo karani ataitafuta mgodini. Magogo ya Nyakasenga yakaingia mgodini yamevaa mafundo ya mtu aliyeyakataza.

Mbuke anasema mumewe alikaa juu ya gogo hadi jioni. Hakulia. Aliendelea tu kufungua fundo la gogo alilokalia na kulifunga upya, kulifungua na kulifunga.

Mwandishi aliisikiliza habari hii akitafuta mtu wa kumkasirikia, na hakumpata. Hasira ina raha yake penye adui. Hapa palikuwa na wazee wawili waaminifu na neno moja lenye vichwa viwili, na msitu uliokuwa hapo kabla ya babu zao wote umekwenda. Ni jambo la kutia uchungu, na haliwi dogo kwa sababu lina mzaha ndani yake.

Ndiyo maana siku ya baraza Maduhu alikuwa na ombi moja. Aliona ni la haki na kila mtu aliyeongea naye aliliona hivyo. Mgodi ulipewa Msitu wa Juu, ukakata wa bondeni kwa makosa. Basi wa bondeni uhesabiwe kuwa ndio fungu lao, na wa juu ubaki.

Baraza lilikaa kwenye banda la nyasi lililo kando ya njia. Mgodi ulimleta karani wake Stanslaus, kijana wa misheni, mwenye koti na adabu. Hakuja kugombana. Alisalimia wazee mmoja mmoja, akakaa chini kuliko wao, akasema wakubwa wake wanakiri kwamba bonde limekatwa kimakosa na wanasikitika. Wameuliza desturi ya huku wakaambiwa kuna mchenya. Basi wameleta.

Nje ya banda, kwenye nguzo, alikuwapo ng'ombe dume mweusi, mnene. Alikuwa ameletwa usiku, maana mchana mbung'o wangemuuma njiani. Naye alikuwa amefungwa kamba, na mara hii hapakuwa na mtu aliyeshindwa kuelewa maana.

Nchi hii haina ng'ombe. Kuna watoto Nyakasenga waliokuwa wanamwona kwa mara ya kwanza, na wazee ambao mara ya mwisho kula nyama yake hawaikumbuki bila kutazama juu. Wote walikuwa wanamsikiliza Stanslaus, lakini masikio yalikuwa upande mmoja na macho upande mwingine.

Stanslaus akamalizia kwa upole uleule. Kosa likishalipwa, alisema, mapatano ya kwanza yanarudi yalivyokuwa. Msitu wa Juu ni wa mgodi.

Maduhu akasimama, akatoa ombi lake. Alilisema vizuri. Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: Sabiti, nyapara wa mgodi, aliinuka kumuunga mkono mbele ya karani wa mgodi.

"Mimi nimebeba mizigo maisha yangu yote," alisema. "Mtu akichukua mzigo wa mwenzake kwa makosa na usirudishike, harudi siku ya pili kuuliza na wake. Tumeshabeba. Tuseme tumeshabeba."

Stanslaus hakumkaripia. Alimtazama tu, akasema mgodi hauwezi kuzimwa kwa sababu ya nyasi, na kwamba kibali cha Serikali kinataja mlima, hakitaji bonde. Wakihitaji kukata bila kula na wazee wanaweza, lakini wameona heri waje na heshima.

Wazee walitoka kwenda kuteta nyuma ya banda. Hawakukaa sana. Vijana wao wengi wanafanya kazi mgodini, kodi inakuja, kibali ni kibali, na dume lilikuwa pale linatafuna nyasi za paa. Mkono mtupu haulambwi, na huu haukuwa mtupu. Waliporudi, Ngassa hakumtazama Maduhu usoni.

"Maduhu, ulifunga kwa lugha yako," alisema. "Mgeni alisoma kwa lugha yake. Kosa hili lina baba wawili na hatuwezi kumpiga mmoja. Tumepokea mchenya. Neno limekwisha."

Maduhu alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu kitu peke yake.

"Kule Shinyanga tulikata miti tupate ng'ombe," alisema. "Huku tumepewa ng'ombe, watu wapate kukata miti. Mimi sijui niende nchi gani tena."

Mzee mmoja alikohoa. Nje, vijana walikuwa wameshaanza kunoa visu, na sauti ya kisu juu ya jiwe ilisikika vizuri.

Hapo Maduhu akaomba jambo la pili. Aliomba apewe visiki. Vya bonde na vya mlimani vitakavyobaki, vyote, visichimbwe wala visichomwe moto.

Watu walicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha nafuu, cha watu waliokuwa wanatafuta namna ya kutoka kwenye aibu. Stanslaus peke yake hakucheka, akasema kisiki kikavu kinawaka vizuri kuliko gogo na mgodi huenda ukavitaka. Sabiti akamjibu kwamba vijana wake wanalipwa kwa magogo. Kung'oa kisiki kimoja ni kazi ya kutwa, na mpaka leo hajaona mtu aliyemlipia kutwa hiyo. Karani alifikiri, akainua mabega. Ngassa akadaka neno hilo upesi kabla halijapoa, akasema visiki ni vya Maduhu, na atakayetia moto bondeni au mlimani atatozwa mchenya kama wengine.

Dume lilichinjwa mchana huohuo. Mla ni mla leo, mla jana kala nini, na watu wa Nyakasenga walikula vizuri. Fungu la Maduhu lilipelekwa nyumbani kwake juu ya jani la mgomba, na likawa fungu zuri, la mbavu. Alilisukuma pembeni.

Mbuke alilipika hata hivyo. Alipomwekea mbele yake alikaa karibu naye, akazungumza naye taratibu kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya mgeni.

"Kula, Baba Limi. Usipokula watasema una kinyongo, na mwenye kinyongo hawamwachii kitu. Watakunyang'anya na visiki."

Alikula. Alitafuna polepole mpaka mfupa ukabaki mweupe. Baadaye, akisindikiza mgeni wake hadi mahali pa kulala, alisema ile nyama ilikuwa tamu sana, na kwamba hilo ndilo lililomuumiza.

Asubuhi iliyofuata mashoka yalianza mlimani. Mtu aliyezoea huweza kujua kwa sauti ni mti gani unakatwa. Mtundu hulia kavu, mninga hulia kwa kina. Maduhu alikuwa bondeni, anapapasa visiki vyake, na kila mti ulipoanguka aliutaja jina, kisha akaendelea na kazi.

Mpango wake ni huu. Kiangazi hiki atafyeka nyasi kuzunguka bonde ili moto wa wawindaji usipite. Machipukizi yakitokea mengi kwenye kisiki kimoja atayapunguza, abakize lililo imara moja au mawili. Msitu wa Juu ukishakwisha atafanya vivyo hivyo huko. Mbuke atamsaidia, ameshaanza kuzungushia miiba visiki vilivyo karibu na chemchemi, mbuzi wa jirani wasifike. Hakuna anayejua kama chemchemi itasubiri. Yeye mwenyewe anasema pengine haitasubiri.

"Mvule wa kukaliwa na mbega sitauona," anasema. "Nataka nione wa kukaliwa na ndege mmoja tu. Hapo nitajua huku hatukung'oa."

Kabla jua halijapanda, Sabiti aliteremka kutoka mlimani. Alimwamkia Maduhu kama mdogo anavyomwamkia mkubwa, ingawa huenda wanalingana umri. Akasema vijana wake watapita bondeni kila siku kuja kunywa maji, na angependa wajue visiki ni vya mtu. Akauliza mzee ataviwekea alama gani.

Maduhu alitazama huku na huku. Chokaa hana, rangi hana. Akainama, akang'oa nyasi, akazisokota mkononi, akazizungusha kwenye kisiki chenye lile chipukizi na kuzifunga fundo likitazama njia. Sabiti aliliangalia fundo lile muda mrefu.

"Lilelile, mzee?"

"Sijui jingine."

Sabiti akaita vijana wake wote washuke. Wakaja na misumeno begani, wakasimama kuzunguka kisiki, na nyapara wao akawafundisha neno ngitili mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mmoja akalisema sawasawa. Wengine walicheka. Halafu wakanywa maji, wakapanda tena mlimani, na mashoka yakaendelea.

Wakati wa kuagana, Maduhu alimuuliza mwandishi atakwenda kuandika nini. Mwandishi akajibu kwamba ataandika aliyoyaona. Mzee akatikisa kichwa, hakuridhika.

"Andika visiki vya Nyakasenga vimefungwa," alisema. "Halafu usiishie hapo, bwana. Andika na maana yake."

Basi kwa wasomaji wa Isaka, na wa Mwanza, na wa popote gunia linapofungwa kwa kamba: maana yake ni kwamba visiguswe.